Programu Iliyokataa Kufungwa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimesema uongo mbele ya mashahidi tisa. Si uongo mkubwa. Wa kati.

Kikao cha wafanyakazi wa zahanati, saa mbili asubuhi. Daktari Mkuu akalalamika kwamba daftari la wagonjwa limekuwa zito kuliko wagonjwa wenyewe. Akauliza kama kuna anayejua kutengeneza programu ya kuandikishia watu. Mkono wangu ukapanda. Sikuutuma! Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba programu ninayo tayari, imebaki kupigwa msasa tu.

Ukweli: nina cheti cha kozi ya Java, lugha ya kuandikia programu, miezi mitatu, ya jioni. Niliyohudhuria ni miwili.

Daktari akafurahi. Akasema Ijumaa tutaijaribu kwa wagonjwa halisi, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ikifaulu, ninatoka ghala la mafaili na kupanda mapokezi, meza ya dirishani. Isipofaulu, ninabaki ghalani, na asingependa kunisikia tena nikitaja kompyuta. Aliyasema hayo akitabasamu, ndiyo maana nimeogopa.

Ghala liko chini ya ngazi. Halina dirisha. Miaka sita nimekaa humo, mimi na mafaili na panya mmoja ambaye naye, nadhani, ameomba uhamisho.

Meza ya dirishani ni ya Mama Kalamu, karani wa mapokezi. Miaka kumi na tisa anaandika wagonjwa kwenye daftari lake jeusi, kalamu ikining'inia shingoni kwa uzi. Kitini ana mto alioushona mwenyewe. Alinitazama juu ya miwani, akauliza kwa upole kama programu yangu inajua kuwauliza wazee umri wao. Wivu! Nimeunusa kabla hajafunga mdomo.

Jambo moja sikumwambia mtu. Baba mkwe ana miadi ya goti Ijumaa hiyohiyo, hapohapo. Na mwezi uliopita nilimwambia kwamba mimi ni Msimamizi wa Mifumo.

Jumanne, 5 Machi

Programu imezaliwa! Inajaza skrini nzima na kuuliza mambo matatu: jina, umri, unaumwa nini. Kisha inauliza jina la anayefuata. Siku ikiisha, kwenye swali la jina unaandika neno toka, nayo inahifadhi wote kwenye faili na kujifunga. Inahifadhi mara moja tu, mwishoni. Nilitaka ihifadhi kila mgonjwa anapomaliza, lakini mistari ya kuiagiza hivyo ilinisumbua, na mimi si mtu wa kugombana.

Nimeijaribu mara kumi na moja kwa jina langu, miaka yangu thelathini na saba na mgongo wangu. Mara zote kumi na moja, safi kabisa.

Shemeji akaomba kujaribu. Huyu ni mdogo wa mke wangu, anasoma mambo ya kompyuta chuoni na anakaa kwetu. Kwenye umri akaandika: viatu. Programu ikaanguka kifudifudi! Mistari myekundu tangu juu hadi chini. Nikamwambia hakuna binadamu mwenye umri wa viatu. Akasema watu huandika chochote, na kazi ya programu ni kuwakatalia kwa adabu na kuwauliza tena, siyo kuzimia.

Sawa. Nikairekebisha mwenyewe. Nikaiagiza: kama si namba, uliza tena. Shemeji akaandika viatu. Ikauliza tena. Ikauliza tena. Haikungoja jibu! Weka namba, weka namba, weka namba, skrini nzima, mbio mbio, na kibodi haisikii. Nikaisihi. Mikono ikanitoka jasho mpaka nikaifuta kwenye kitambaa cha meza, na mke wangu akaniona.

Shemeji akaeleza bila kunyanyua macho kwenye simu yake. Vile viatu bado viko mlangoni. Programu inavikataa, inageuka, inavikuta palepale, inavikataa tena. Sharti ivichukue kwanza ivitupe, ndipo iulize upya. Akaniandikia mistari minne, na kweli ikatulia.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, husahihisha hata kadi za harusi anazoletewa. Akauliza kama si jana niliposema kikaoni kwamba programu iko tayari. Nikamwambia kuna tayari na kuna tayari kabisa. Akasema katika hesabu hakuna.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na hofu mpya. Ya zamani haijaondoka, imesogea tu kumpisha mwenzake.

Hesabu yenyewe ni hii. Programu ikikamilika, yeyote anaweza kuifungua na kuifunga. Mama Kalamu atafundishwa kwa saa moja. Atabaki dirishani, juu ya mto wake, na programu YANGU, nami nitarudi kwa panya. Nitakuwa nimejichimbia kaburi na kupanda maua juu yake!

Kufikia saa nne nilikuwa na dawa. Neno toka nimelifuta. Badala yake nimeweka neno la siri ninalolijua peke yangu: dirisha. Chini ya skrini nimeandika hivi: Kufunga programu, mwone Msimamizi. Kila jioni watanihitaji. Watanitafuta. Watanibembeleza. Anayeshika ufunguo hafukuzwi nyumbani.

Jioni Shemeji akaisoma mistari hiyo na kuuliza Msimamizi akiugua itakuwaje. Nikasema Msimamizi haugui. Akasema mtu akiingia mahali aonyeshwe pa kutokea, tena kwenye kila swali, siyo kwenye jina peke yake. Na neno la kutoka lisikilizwe kwanza, kabla ya ukaguzi wowote, la sivyo ukaguzi wenyewe utalizuia. Nimeliandika hilo kwenye karatasi. Karatasi nimeiweka mahali pazuri.

La ajabu: Mama Kalamu aliteremka ghalani mchana. Mara ya kwanza kwa miaka sita! Ameniletea orodha, kwa mwandiko wake wa kulala, ya watu wanaosumbua kuandikishwa. Wanaotaja jina moja tu. Vichanga wa siku chache. Wazee wasiotaja umri. Akasema huenda itanisaidia. Nikamshukuru sana. Mtu hawezi kunisaidia kumnyang'anya kiti, akili yangu si ya kuazima. Amekuja kupeleleza. Orodha nimeifungia kabatini.

Moyo unadunda hata nikikaa. Nimejaribu kusimama. Unadunda vilevile.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari alitaka kuiona kabla ya kesho. Nilidhani ataipiga jicho tu. Akakaa, akavuta kibodi, akaandika jina moja. Programu ikalikubali. Akageuza shingo polepole. Akasema hapa wenye jina hilo ni zaidi ya thelathini, na mmoja wao ana kisukari na mwingine ana mimba, sasa dawa ya nani itampata nani? Jina liwe na maneno mawili, ama lisipite.

Nikasema hilo lilikuwa kwenye msasa.

Nimeshuka ghalani nikakimbiza vidole. Ukaguzi wa majina mawili nimeuweka juu kabisa, kabla ya kitu kingine chochote. Ukaguzi ni mlinzi, na mlinzi hukaa getini. Nimejaribu jina moja: imekataa! Nimejaribu langu, yote mawili, mara kumi na moja: imekubali!

Neno la siri sikulijaribu. Mara mbili nilitaka. Mara ya kwanza Mama Kalamu alikuwa akipita kwenye ngazi na kikombe chake cha chai. Mara ya pili sikumwona, lakini kutoonekana kwake ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi.

Baba mkwe amepiga simu. Atakuja amevaa suti. Ana hamu ya kuniona ofisini kwangu, kwa sababu siku ya posa alimwambia binti yake kwamba anaolewa na mtu wa chini ya ngazi, na angependa kuyafuta maneno hayo kwa kinywa chake. Nikasema karibu sana baba. Kisha nikakaa juu ya boksi la mafaili dakika kumi hivi. Nilikuwa nikitaka kulia, nadhani, ila kazi zilikuwa nyingi.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili. Nimekaa dirishani! Mto haukuwepo, Mama Kalamu alikuwa ameuchukua. Amekaa pembeni yangu kwenye kigoda, kitu mapajani chini ya kaunta, akiandika-andika. Nikadhani anajaza mafumbo ya gazeti. Nikamhurumia.

Saa tatu. Wagonjwa kumi na wawili, hakuna tatizo. Muuguzi anasimama nyuma yangu, anasoma majina kwenye skrini na kuwaita kwenye benchi. Mashine inakwenda! Kisha akaja mama na mtoto wa siku tisa. Nikaandika sifuri. Programu ikakataa, maana niliiagiza umri uanze na moja. Nikaandika moja. Mama wa mtoto akalalamika kwamba nimemzeesha mwanawe kabla hajatahamaki. Mama Kalamu akakohoa. Orodha yake! Nikajifanya sikusikia.

Saa tano. Wagonjwa arobaini na mmoja. Jasho la mgongo limefika kwenye mkanda, lakini jasho la ushindi. Akaingia Baba mkwe. Suti ya kijivu, sharubu zimepakwa rangi nyeusi tii, fimbo. Nikasimama, nikamwamkia. Akaitikia, akatazama dirisha, meza, skrini. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamgeuzia skrini aone vizuri. Kosa la kwanza.

Jina lilipita. Ikaja: Umri.

Sasa mkwe, utamuulizaje umri? Mbele ya watu! Nikamwambia kwamba mashine inaomba, ikiwa hapana ubaya, makadirio. Akanyooka na kusema niandike mtu mzima.

Nikaandika: mtu mzima. Hiyo si namba, tafadhali jaribu tena. Nikaandika: mzee. Hiyo si namba, tafadhali jaribu tena. Nyusi zake zikapanda, kwa lile neno mzee. Nikaacha wazi, nikabonyeza. Ikakataa. Kila pengo nililoziba mwenyewe sasa lilikuwa limezibwa barabara! Kwa nukta moja, nakiri, niliona fahari. Benchi likaanza kunong'ona.

Nikakisia. Nikaandika 79, kisha goti, na programu ikauliza jina la anayefuata.

Nilisahau kwamba Baba mkwe alikuwa mpima ardhi miaka thelathini na tatu. Macho yake yanasoma kigingi ng'ambo ya bonde. Akasema sabini na tisa, kwa sauti ya kipaza sauti. Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo mjane mmoja wa makamo, mshona mapazia, ambaye tangu alipoingia alikuwa akisogezewa nafasi na Baba mkwe. Huyo mjane akacheka. Baba mkwe akaagiza kifutwe. Nikaeleza kwamba programu haina kufuta. Akauliza ni msimamizi gani asiyeweza kufuta alichoandika mwenyewe.

Daktari akatoka chumbani kwake kwa zile kelele. Akasema basi ifunge uifungue upya, kuna ugumu gani? Wote wakanitazama. Hii ndiyo saa niliyoipanga tangu Jumatano! Nikaziba kibodi kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia nikaandika: dirisha.

Jina lazima liwe na maneno mawili. Jaribu tena.

Nikaandika polepole. Jina lazima liwe na maneno mawili. Nikaandika kwa herufi kubwa. Jaribu tena. Mlinzi wangu, getini kwangu, ananizuia mimi! Mama Kalamu akainama, akasoma maandishi ya chini ya skrini kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kufunga programu, mwone Msimamizi. Akauliza kama tumwite.

Hapo akili ikanipata, ile akili ya mtu anayezama. Maneno mawili? Basi mawili! Nikaandika: dirisha dirisha.

Ikakubali. Ikauliza umri.

Nikaandika 37. Ikauliza unaumwa nini. Nikaandika: kila kitu. Na muuguzi, mtu mwaminifu kwa kazi yake, akasoma skrini begani kwangu na kuita benchini: Dirisha Dirisha! Hakusimama mtu. Akaita tena, akamwomba Dirisha Dirisha asione haya.

Daktari akauliza tukizima kompyuta tutapoteza nini. Nikasema hakuna. Kisha nikasema vichache. Kisha nikasema wote. Akazima mwenyewe. Ilipowaka, tukaifungua programu: Wagonjwa walioandikishwa, 0. Watu arobaini na wawili wakaanza kusema kwa pamoja.

Mama Kalamu akanyanyua kile kitu cha mapajani. Daftari jeusi. Wote walikuwemo! Majina mawili mawili, umri, ugonjwa, na yule mtoto ameandikwa siku tisa. Palipobaki wazi ni umri wa Baba mkwe. Akamwamkia, akamuuliza kazi aliianza akiwa kijana wa miaka mingapi, aliifanya miaka mingapi, na goti linamsumbua sasa ukiwa mwaka wa ngapi tangu astaafu. Baba mkwe akajibu yote kwa raha, na kazi mbili tatu akazisimulia. Mama Kalamu akajumlisha, akaandika, akafunika kwa kiganja. Baba mkwe akainamisha kichwa kumshukuru. Hata mjane hakuona namba.

Daktari alisema neno moja tu: ghalani. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Halafu Baba mkwe akaomba aone ofisi yangu. Nikamwonyesha ngazi. Akateremka na goti lake, ngazi moja moja, akasimama katikati ya mafaili na suti yake ya kijivu. Akasema pana ubaridi. Akapanda tena. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na hapa ningeweka mzaha kama ningekuwa nao.

Jumamosi, 9 Machi

Sijatoka chumbani hadi saa sita.

Shemeji ameichukua programu. Akahamisha mistari miwili, ile ya neno la kutoka, akaiweka juu ya ukaguzi wangu. Miwili tu! Akalirudisha neno toka na kuliandika wazi kwenye kila swali. Akaweka kufuta. Akafanya kila mgonjwa ahifadhiwe papo hapo. Dakika ishirini, pamoja na kwenda kunywa maji. Akaandika viatu, ikamkatalia kwa adabu. Akaandika toka katikati ya umri, ikaaga na kujifunga. Ilijifunga kwa upole sana. Imenichoma.

Mke wangu akasema niipeleke kwa Daktari Jumatatu, niombe radhi, niseme nani aliyeirekebisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaongeza, na wewe umebakiza moja. Akanipa na salamu za baba yake. Eti amesema yeye mwenyewe alianza kazi kwa kuwabebea wenzake vigingi juani miaka minane, na kijana angemwambia tu kwamba bado yuko ghalani, angekuja ghalani kumsalimu.

Nimeyatafakari maneno hayo kutwa nzima. Ni wazi bado ana hasira.

Jumatatu, 11 Machi

Ghalani. Panya yupo. Hakuuliza kitu.

Sikumpelekea Daktari programu. Shemeji alikwisha kuituma jana. Inatumika mapokezi tangu asubuhi, na Mama Kalamu anaiendesha kwa vidole viwili, daftari pembeni. Shemeji amekubaliwa kufanya mafunzo yake ya vitendo hapa. Atapewa meza. Si ya dirishani, lakini kutoka hapo dirisha linaonekana.

Saa tatu na nusu Mama Kalamu akateremka, mara ya pili katika historia. Akaketi juu ya boksi. Akasema yeye anastaafu mwezi wa sita, na Daktari bado hajapata wa kumrithi. Nikikaa naye saa moja kila asubuhi nijifunze namna ya kuwauliza watu, atanisemea. Akasema kompyuta nitaijua tu, kazi ni kuuliza. Aliacha mto wake juu ya boksi. Alisema boksi ni gumu.

Nimemshukuru sana. Mimi si mtoto! Saa moja kila asubuhi, karibu yake, ananiona kila ninachofanya? Mtego, tena mtego wenye mto. Nimemjibu kwamba kwa sasa nimebanwa na mradi.

Na mradi upo! Nimekaa nikachambua kosa la Ijumaa hatua kwa hatua, bila upendeleo. Ukaguzi haukuwa na kosa. Umri haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa lile neno la kutoka. Kama hakuna mlango, mtu atakwamaje mlangoni? Basi nimetengeneza programu ya ghala, ya kuorodhesha mafaili, isiyo na pa kutokea kabisa. Nimeiweka kwenye kompyuta ya ghala, ambayo Daktari huitumia kuchapia ripoti ya mwezi. Ripoti inatakiwa leo saa kumi.

Nimekwisha kumwandikia Daktari kwamba iko tayari, imebaki kupigwa msasa tu.

Niliifungua saa nne kuijaribu. Sasa ni saa tisa na nusu. Bado iko wazi. Inafanya kazi vizuri mno.